Ukihamia Chico, jiandae kwa moshi kuliko moto

Kila anayeniambia anahamia Chico, kaskazini mwa California, huniuliza habari za moto. Mimi humjibu habari za moshi. Moto ukikaribia simu inalia, amri ya kuhama inatoka, unapakia watoto na kuondoka. Moshi hauna amri. Novemba 2018, Camp Fire ilipouteketeza mji wa Paradise hapo juu na kuua watu 85, sisi wa bondeni tulikaa na moshi karibu wiki mbili, mpaka mvua iliponyesha. Dixie Fire ikafuata 2021. Mwaka 2024 Park Fire ikaanzia hapa hapa, Bidwell Park.

Sisi tuliokulia kwenye majiko ya mafiga ni wabishi: "Moshi tumeuzoea." Hata ule wa kuni haukuwa na heri, na huu una mengine. Camp Fire iliunguza majengo zaidi ya 18,000, kwa hiyo tulikuwa tunavuta rangi za kuta, plastiki, nyaya na magari. Vipimo vya hewa vilikuta hata madini ya risasi. Chembe mbaya ni zile za chini ya mikromita 2.5, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Kujifunga kanga puani ni kujidanganya. Vaa barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo, uibane juu ya pua. Wenye ndevu nyingi mtanisamehe, haitawakaa.

Usihangaike kusafisha hewa ya nyumba nzima. Chagua chumba kimoja, hasa cha kulala, ufunge madirisha. Mashine za kusafisha hewa ni ghali, lakini kuna sanduku la kuchuja hewa la kujitengenezea, ambalo mhandisi Richard Corsi na mtengeneza filta Jim Rosenthal walilibuni 2020, wakati wa korona. Simamisha filta nne za MERV 13 (kiwango cha uwezo wa filta kunasa chembe ndogo) ziwe kuta, mishale yake ikielekea ndani. Chini weka kadibodi, juu laza feni ya mraba ipulize kwenda juu, kisha ziba nyufa zote kwa selotepu pana. Msimu ukiisha zile filta nyeupe huwa kijivu cha masizi, na hapo ubishi wa mafiga huisha wenyewe. Nunua filta mapema, Aprili au Mei, maana moshi ukitanda madukani hazipatikani. Na humo chumbani, hakuna kufukiza udi.

Majivu nayo watu huyadharau. Unakuta jani la mwaloni limetua kwenye kioo cha gari, jeusi, mishipa yote inaonekana. Ukiligusa linakuwa unga. Usifagie makavu, wala usitumie ile mashine ya kupuliza majani. Nyunyizia maji kidogo, pangusa kwa kitambaa kibichi, ukiwa na glavu na barakoa, watoto wakae mbali. Viatu viishie mlangoni. Sukuma wiki ya bustanini ioshwe vizuri.

Fungua AirNow, tovuti na app ya serikali ya Marekani inayoonyesha kipimo cha uchafu wa hewa (AQI), kila baada ya saa chache, kwa sababu upepo ukigeuka hewa hubadilika. Kipimo hicho kikifika 151, watoto wangu hawachezi nje. Kikipita 300 na nyumbani kuna kichanga, mjamzito au mwenye pumu, sisubiri kuambiwa: inhela begini, nawapigia jamaa wa mbali. Ila kwanza naangalia hewa ya huko kwao, maana 2018 moshi huu ulifika hadi San Francisco.