Umbali na muda wa kuruka kutoka KIA hadi Dar es Salaam

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini umbali wa KIA (Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro) hadi Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, unatajwa kuwa takriban kilomita 450, ilhali basi kutoka hapa Moshi hupita zaidi ya kilomita 550, na kwa nini tiketi yako inaonyesha saa nzima na ushei. Kilomita 450 ni njia ya moja kwa moja angani, wakati barabara inazunguka Same, Korogwe na Chalinze kabla ya kushuka Dar es Salaam.

Kuhusu muda, ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama kule iendako, kwa hiyo ndani yake mna kutembea ardhini, kupanda angani, kushuka na pengine kusubiri zamu ya kutua. Ndege ya pangaboi inayokwenda takriban kilomita 500 kwa saa itachelewa kidogo kuliko ya jeti, ingawa katika safari fupi kama hii tofauti si kubwa, kwa kuwa jeti haipati nafasi ndefu ya kukimbia kwa kasi yake yote.

Muda unaopotea hasa uko ardhini: kutoka Moshi hadi KIA ni kama kilomita 40, na unapaswa kufika mapema kwa ukaguzi. Ukipewa hiari, chagua dirisha la kushoto, maana Mlima Kilimanjaro utakuwa upande huo, mawingu yakiruhusu.