Piano yangu ya kwanza ilikuwa ya katoni

Dada uliyeuliza jana kama mwanao wa miaka 7 asubiri hadi mpate pesa za piano ndipo aanze masomo: asisubiri. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lako limenirudisha Buruburu, sebuleni kwa mwalimu wangu, mwaka wa 1994.

Nilikuwa na miaka 8. Tulikaa Jericho, watu sita vyumba viwili, na hata tungepewa piano bure isingepata pa kukaa. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Mombasa, aliyepiga kinanda kanisani kwetu. Mama alimfuata baada ya ibada akamwambia, "Huyu wangu hupiga benchi kwa vidole wimbo mzima, sijui nimfanyeje." Mwalimu akanishika mikono, akaigeuzageuza, akasema nije Jumamosi. Ada alitupunguzia. Kiasi gani, mama hajawahi kuniambia.

Kwake huingii bila shikamoo. Sisi watoto wa Nairobi hatukuwa na mazoea hayo, lakini pale mlangoni hapakuwa na njia nyingine. "Marahaba, mwanangu. Mikono umenawa?" Piano yake ilikuwa ile ya kusimama, kuukuu, ya mbao nyeusi. Januari na Februari, jua likikausha kila kitu, aliweka kopo la maji ndani yake kwa chini, karibu na kanyagio, maana mbao zikikauka husinyaa, nyuzi zikalegea na sauti ikashuka. Mvua za Aprili zikianza alilitoa, na hapo ndipo vitufe viwili vitatu vilipovimba na kukwama. Alivipandisha kwa ukucha huku anahesabu moja, mbili, tatu, na mapigo hayakupotea hata mara moja.

Jumamosi ya pili nilikuta ameniandalia katoni ya mafuta ya kupikia, ameikata na kuilaza. Alikuwa amepima piano yake kwa rula: vitufe 7 vyeupe, kuanzia do hadi ti, vinachukua karibu sentimita 16.5. Akachora seti nne, jumla sentimita 66, ikaenea mezani kwetu vizuri tu. Vipimo ni hivyohivyo hadi leo, dada, kwa hiyo na wewe unaweza kumchorea mwanao usiku huu. Usikisie. Vidole hushika umbali, na vikizoea umbali wa uongo kuvirudisha ni kazi.

Vitufe vyeusi alivipaka makaa yaliyosagwa. Nilidhani amekosa kalamu.

Sharti lake lilikuwa moja: kila noti ninayogusa kwenye katoni niiimbe. Solfa, yaani kuimba noti kwa majina ya do-re-mi, nilikuwa naijua kidogo kutokana na kwaya ya watoto. "Kama huwezi kuiimba," alikuwa akiniambia, "kidole chako kinatafuta nini huko?" Basi jioni, mama akipika, mimi niko mezani naimba na kugonga katoni, na ndugu zangu wakazijua nyimbo zangu zote kabla hata sijazigusa kwenye piano yenyewe.

Kipande nilichokaa nacho muda mrefu zaidi kilikuwa Minuet katika G, muziki wa dansi ya zamani ya Ulaya. Kinaanza so, do-re-mi-fa, so, do, do. Halafu la, fa-so-la-ti, do, do, do. Katika G do huhamia kitufe kingine, kwa hiyo ile ti ni kitufe cheusi, na huangukia kidole cha pete cha mkono wa kulia. Nikifika Jumamosi mwalimu alinishika mkono kama anayenisalimia, akatazama ncha ya kidole hicho. Kama haina weusi wa makaa, alijua. Hakugomba. Alisema tu, "Leo tutaanza na katoni," nami nikaketi na katoni yangu sakafuni, piano iko pale nusu hatua, siruhusiwi kuigusa.

Katoni haifundishi kila kitu. Haikuonyeshi kupiga kwa nguvu na kupiga kwa upole, ndiyo maana kila Jumamosi aliniongezea kama dakika 20 kwenye piano kwa ajili ya hilo tu. Kwa hiyo mtafutieni mwanao mwalimu mwenye piano halisi; Kenya Conservatoire of Music, pale jirani na Kenya National Theatre, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Siku mkipata pesa, nunueni kinanda cha umeme chenye vitufe vizito kama vya piano.

Katika mtihani wangu wa kwanza wa ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, nilipata 118 kati ya 150. Kufaulu ni 100. Ila sehemu ya kusikiliza, ambapo mtahini anakupigia na wewe unamrudishia kwa kuimba, nilipata 17 kati ya 18. Mwalimu aliisoma karatasi ile mara mbili, akakunja, akaenda jikoni kuniletea mahamri.

Mara ya mwisho nilimwona 2018. Alikuwa kitandani, hawezi kukaa, sauti imekuwa ndogo. Nilimwambia nimesoma kwamba ile Minuet yetu, ambayo kitabu chake kiliandika ni ya Bach, yule mtunzi mashuhuri wa Ujerumani, kumbe aliitunga Christian Petzold. Bach alimpa mkewe Anna Magdalena daftari mwaka wa 1725, kipande kikanakiliwa humo bila jina la mtunzi, na watu wakadhani ni cha Bach. Mwalimu alinyamaza kidogo. "Maskini," akasema. "Miaka yote hiyo hatukumtaja."

Kisha akautoa mkono wa kulia, akauweka juu ya blanketi, vidole vikaanza kutembea. Hakuna sauti. Nikatazama, nikaanza kumwimbia anachopiga: so, do-re-mi-fa, so, do, do. Alipofika kwenye ti alisimama, kidole cha pete kimeinuka, akaningoja mpaka nilipoiimba.