Ushauri kwa mawakili na majaji wanaoanza kufundisha sheria huku wakiendelea na kazi zao

Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2008, haikuundwa ili irudie nadharia ambayo mwanafunzi ameshaisoma chuo kikuu. Iliundwa ili mwenye shahada ya sheria ajifunze kuandika hati, kuhoji shahidi na kusimama mbele ya hakimu, na mambo hayo ni vigumu kufundishwa na mtu ambaye hajawahi kuyafanya. Ndiyo maana mawakili, majaji na mahakimu walioko kazini huitwa kufundisha somo moja au mawili, pale na katika vyuo vikuu vyenye vitivo vya sheria. Nimefanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa sambamba na uwakili, na ninakuandikia wewe mwenzangu uliyepokea barua ya kuitwa kwa mara ya kwanza. Umeitwa kwa sababu unajua jinsi uamuzi unavyofikiwa ndani ya jalada, kuanzia siku mteja anapoingia ofisini hadi siku hukumu inaposomwa. Kazi yako ni kuuweka uamuzi huo mbele ya wanafunzi, kisha kuwafanya waufikie wao wenyewe.

Hatari ya kwanza ni visa. Wakili mwenye uzoefu huingia darasani na kesi nyingi kichwani, na wanafunzi hupenda kuzisikia kuliko kitu kingine chochote. Saa mbili hupita, darasa limefurahi, na hakuna aliyeondoka na jambo moja analoweza kulifanya kesho yake. Kisa kinafaa kikikatizwa mahali ambapo wewe ulilazimika kuamua: waeleze ulichokuwa unakijua wakati ule, ficha kilichotokea baadaye, kisha waache waandike hatua ambayo wangeichukua na sababu zake. Mwisho wa kisa wataupata baada ya kuandika.

Chukua mfano wa pingamizi la awali. Wanafunzi wote wanaifahamu kesi ya Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors ya mwaka 1969, ambamo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba pingamizi la awali ni hoja ya kisheria pekee, inayojadiliwa kwa kuchukulia kuwa maelezo ya upande wa pili ni ya kweli, na kwamba haliwezi kuletwa pale ambapo kuna jambo linalohitaji kuthibitishwa kwa ushahidi. Mwanafunzi anaweza kuikariri kanuni hiyo bila kukosea, kisha siku za mwanzo ofisini akaandika notisi ya pingamizi ambayo nusu ya hoja zake zinahitaji mashahidi. Mimi huwapa hati ya madai ya kurasa chache niliyoitunga mwenyewe, nikawataka waandike notisi ya pingamizi kwa niaba ya mdaiwa kabla ya kipindi. Ndani yake huweka deni ambalo tarehe zake zinaonyesha kuwa muda wa kudai umekwisha, hati ambayo haikuthibitishwa na mdai inavyotakiwa, na mkataba ambao mteja wetu anasema hakuutia saini. Darasani tunazipima hoja moja baada ya nyingine, na ile ya saini huanguka mapema, kwa kuwa hakuna hakimu anayeweza kujua ni nani aliyetia saini bila kusikia ushahidi.

Hadi hapo mhadhiri wa kudumu angeweza kufanya vivyo hivyo, pengine vizuri zaidi. Swali linalokuhitaji wewe ni lile linalofuata: mteja atapata nini siku ya pili baada ya kushinda pingamizi hilo? Hoja ya ukomo wa muda ikikubaliwa, shauri hutupwa na mdai hubaki na njia ya rufaa. Hoja ya kasoro katika hati ikikubaliwa, mara nyingi mdai hupewa nafasi ya kurekebisha, au shauri huondolewa tu na yeye hurudi na hati iliyo bora kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa hoja zako zimemwonyesha pa kutengeneza. Tofauti kati ya kutupa shauri na kuliondoa ilikwishaelezwa mwaka 1959 katika kesi ya Ngoni-Matengo, lakini mwanafunzi huisoma kama jambo la kujibia mtihani. Akishaona kwamba tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mteja alipie pingamizi au asubiri na kuitumia kasoro ile katika maswali ya dodoso, yaani yale anayoulizwa shahidi wa upande wa pili, anaanza kufikiri kama wakili. Zoezi moja la namna hiyo lina thamani kuliko mihadhara mitatu ya kupitia vifungu, na ninakushauri uandae mazoezi machache mazito badala ya kutaka kuumaliza muhtasari wote wa somo kwa kusoma slaidi.

Kuhusu chanzo cha mazoezi, uwe mwangalifu sana. Wajibu wa kutunza siri za mteja hauishi shauri linapomalizika, na kubadilisha majina peke yake hakutoshi. Ukieleza mgogoro wa mirathi ya mfanyabiashara wa Moshi mwenye wake wawili na hoteli moja, darasani hatakosekana mtu anayeifahamu familia hiyo. Tumia hukumu zilizokwisha kutangazwa, ambazo siku hizi hupatikana bila malipo katika TanzLII, hifadhi ya mtandaoni ya hukumu na sheria za Tanzania, au tunga maelezo mapya kabisa yenye tatizo lilelile la kisheria katika mazingira mengine. Jambo lingine lisilokubalika ni kuwapa wanafunzi hati za shauri linaloendelea ofisini kwako kama zoezi la darasani. Ni kuwatumia watu ambao hawana uwezo wa kukukatalia, na ni kuitoa kazi ya mteja nje ya ofisi bila ridhaa yake.

Ukiwa jaji au hakimu, utaratibu wako ni tofauti kidogo. Kanuni za Bangalore za Maadili ya Majaji za mwaka 2002 zinamruhusu jaji kuandika, kutoa mihadhara na kufundisha masuala ya sheria, mradi shughuli hizo zisishushe heshima ya ofisi yake wala kuingilia utekelezaji wa majukumu yake. Kwa vitendo, maana yake ni kwamba shauri lililo mbele yako halizungumzwi darasani kwa namna yoyote, wala uamuzi wako ambao rufaa yake haijasikilizwa. Wanafunzi watakuuliza, tena kwa nia njema, hasa shauri likiwa linaandikwa kwenye magazeti. Waeleze katika kipindi cha kwanza kwamba hutajibu, na uwaeleze kwa nini, kwa sababu maelezo hayo yenyewe ni somo la maadili ambalo hawatalipata kwa uzito huo kutoka kwa mtu mwingine.

Hazina uliyo nayo wewe jaji ni kumbukumbu za shauri. Wakili huona upande wake tu, lakini wewe unajua kinachobaki kwenye jalada watu wote wakishaondoka, na kwamba mahakama ya rufani haitasoma kitu kingine. Kwa mfano, kifungu cha 127(2) cha Sheria ya Ushahidi, kama kilivyorekebishwa mwaka 2016, kilimruhusu mtoto wa umri mdogo kutoa ushahidi bila kiapo, kwa sharti kwamba kwanza aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Katika rufaa ya Godfrey Wilson dhidi ya Jamhuri, Na. 168 ya mwaka 2018, Mahakama ya Rufani ilikataa kuutegemea ushahidi wa mtoto kwa sababu kumbukumbu hazikuonyesha ahadi hiyo, na ikapendekeza maswali mepesi ambayo hakimu anaweza kumuuliza mtoto ili afikie hapo: umri wake, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, na kama anaahidi kusema ukweli. Wape wanafunzi kumbukumbu ya ukurasa mmoja ya shahidi mtoto, yenye pengo hilo, bila kuwaambia kasoro iko wapi. Baadhi yao watakuwa waendesha mashtaka na baadhi watakuwa mahakimu wa mahakama za mwanzo na za wilaya. Uzembe wa mstari mmoja unaweza kumwacha mtoto aliyedhulumiwa bila haki, na ningependa waujue uzito huo kabla hawajakabidhiwa jalada halisi.

Waandikishe hukumu pia. Wape hoja za pande mbili, na uwatake waeleze kwa ufupi shauri linahusu nini, mambo yanayobishaniwa, uamuzi wao na sababu zake. Mwanafunzi aliyewahi kuandika hukumu moja ya kweli hubadilika katika uandishi wa hoja zake, kwa kuwa ameshahisi shida ya kutafuta ushahidi ambao wakili hakuutaja mahali ulipo.

Lugha ina sehemu yake katika haya. Mihadhara na vitabu vyetu vingi bado ni vya Kiingereza, lakini shahidi wa Singida au Mtwara huulizwa na kujibu kwa Kiswahili, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Sheria Na. 1, Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo mazoezi ya kuhoji mashahidi yafanyike kwa Kiswahili. Utashangaa kuona mwanafunzi bora wa darasa akishindwa kuuliza swali fupi linalomwongoza shahidi, kwa sababu swali hilo amelisoma kwa lugha moja na sasa anahitajika kulisema kwa nyingine huku hakimu akimsubiri.

Kuhusu muda, malizana na chuo kabla ya kukubali. Vikao vya kesi za mauaji vya Mahakama Kuu na vya Mahakama ya Rufani mikoani hupangwa bila kuangalia ratiba yako ya darasa, na wito wa mahakama haukataliki. Omba vipindi vya jioni au Jumamosi, na uwe na mhadhiri mwenza anayejua umefika wapi, ili dharura isiwe na maana ya kipindi kufutwa. Usimtume wakili mdogo wa ofisini kwako akasome maelezo yako. Wanafunzi wamelipa ada, wengine kwa mikopo na kwa kuuza mali za wazazi, na kipindi kinachoahirishwa mara tatu mfululizo ni dhuluma kwao hata kama wewe ulikuwa mahakamani. Malipo ya kazi hii ni madogo. Asiyeridhika nayo ni heri akatae mapema.

Kusahihisha ndiko kunakowaelemea wengi. Mwaka 2022 nchi nzima ilijadili matokeo ya Taasisi hiyo baada ya kubainika kwamba wanafunzi 26 kati ya 633 ndio waliofaulu mitihani yote kwa mara ya kwanza, na Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza hali hiyo. Maoni kuhusu chanzo yalikuwa mengi. Kwa mwalimu wa muda, ninaloliona mimi ni kwamba kila alama unayoitoa lazima uweze kuitetea mbele ya mwanafunzi na mbele ya mtahini wa nje. Andika mwongozo wa kusahihishia siku ileile unapotunga swali, kwa sababu ukiusubiri hadi uone majibu, utawapima wanafunzi wao kwa wao. Usitunge swali ambalo jibu lake limo katika uzoefu wako tu. Rudisha mazoezi ya kati ya muhula yakiwa na maelezo ya maandishi, hata kama ni sentensi mbili, maana alama isiyo na maelezo haimwambii mtu arekebishe nini.

Wanafunzi hawa watakuja kuwa mawakili wa upande wa pili, na wengine utawaona mbele ya meza yako ya hukumu. Kuwahi kumfundisha mtu darasani miaka iliyopita, kwa kawaida, si sababu ya kujitoa katika shauri. Lakini uhusiano unaoendelea, kama kumsimamia katika utafiti wake au kumpa kazi, utangazwe wazi kwa pande zote. Wanaoomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo ofisini kwako wajibiwe baada ya matokeo kutoka, kwa vigezo vinavyojulikana na wote.

Muhula ukiisha, kaa na wahadhiri wa kudumu uwaeleze ulichokiona katika karatasi za majibu: mahali ambapo darasa zima lilikosea, na somo la chuo kikuu ambalo inaelekea halikueleweka. Waachie pia mazoezi yako yakiwa na maelezo ya namna ya kuyaendesha, ili wakili atakayeitwa mwaka unaofuata aanzie hapo.