Dada usiache sindano za MS kwa ajili ya vitamini D

Dada hapana. Hapana kabisa. Umeandika unaacha sindano za MS, huu ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ubongo, uti wa mgongo na neva za macho, uanze vitamini D yuniti 50,000 kila siku sababu umesoma utafiti wa Ufaransa, halafu unauliza umeze asubuhi au usiku. Mimi niliacha hivyohivyo, niko huku Glasgow, na jicho la kushoto halijakaa sawa mpaka leo.

Kuna jamaa kwenye grupu la WhatsApp, anajiita dokta, alituambia MS ni kukosa jua tu, sisi weusi huku Ulaya tujaze vitamini tutapona. Akaniuzia na makopo yake. Nusu ni kweli ndo maana inanasa watu, huku kuanzia Oktoba mpaka Machi mwanzoni jua halitoshi kabisa mwili kutengeneza vitamini D, na wenye upungufu ndo wanapata MS zaidi. Lakini kukukinga usiugue ni kitu kingine na kukutibu ukishaugua ni kingine. Nilivyomwambia nimelazwa akanitoa kwenye grupu!! Mpaka leo nikikumbuka nachemka.

Mwezi wa nne bila sindano, kiu haiishi, choo kigumu, usiku naamka kukojoa mara tano, nikajua ndo dawa inafanya kazi. Siku hiyo nakata nyanya za kachumbari, nikiziangalia kwa jicho la kushoto zimepauka kama zimelowekwa kwenye jiki, kwa la kulia nyekundu kabisa. Kesho yake upande huo giza. Hospitali wakakuta neva ya jicho imevimba, MS imeamka, na kalsiamu kwenye damu imepanda mpaka figo zimeanza kuzidiwa. Hiyo kalsiamu ni ya yale makopo.

Huo utafiti wa 2025 usome tena. Walikuwa watu ndo wameanza kuumwa, wakapewa 100,000 kila wiki mbili, madaktari wanawaangalia. Wewe 50,000 kila siku, kwa wiki mbili ni 700,000, mara saba! Na hata hao waliomeza, ndani ya miaka miwili ugonjwa uliamka kwa watu kama 60 kati ya 100, na kwa waliopewa dawa bandia isiyo na vitamini ni kama 74 kati ya 100. Imesaidia, ndiyo, ila hao 60 wewe unawaonaje?

Vitamini meza, hata mi nameza, dozi itoke kwenye kipimo cha damu. Sindano usiiguse mpaka daktari wako wa neva aseme. Ya leo umechoma?