Bolti za manifoldi zinalegea kila mara: nizikaze kwa nguvu zote?

Swali: Fundi, boti yangu ina injini ya ndani, V8 (silinda nane) ya petroli yenye kabureta. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kuipa mafuta, ilianza kupanda na kushuka, nikakuta bolti nne za manifoldi ya kuingizia hewa zinazunguka kwa vidole. Nilizikaza, lakini baada ya safari mbili zimelegea tena. Je, nizitie gundi ya bolti na kuzikaza mpaka mwisho?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Weka spana chini kwanza, uchomoe kijiti cha oili. Ukikuta oili imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Usiiwashe tena hata kwa dakika moja. Kwenye V8 nyingi maji ya kupozea hupita ndani ya manifoldi hiyohiyo, na chini yake kuna bonde la tapeti, yaani nafasi yenye oili katikati ya V zinapokaa tapeti zinazosukuma vali. Ikiwa injini yako inapozwa na maji ya bahari moja kwa moja, uvujaji wa hapo unapeleka chumvi hadi kwenye beringi za krenki, shafti kuu ya injini. Hilo linanitia hofu kuliko sailensa.

Oili ikiwa safi, tuje kwenye bolti. Bolti ikikazwa huvutika kidogo, kama springi, na mvuto huo ndio unaobana. Gasketi, ile ya kuzibia kati ya manifoldi na hedi (vichwa vya silinda), ikichoka na kusinyaa, mvuto unakwisha hata kama bolti haijazunguka. Kisha mtetemo unaimalizia. Tena alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, kwa hiyo manifoldi ya alumini juu ya hedi za chuma huisugua gasketi kila injini inapopata moto na kupoa. Gundi haiirudishii gasketi unene wake. Nguvu zote nazo zitapasua manifoldi au kung'oa nyuzi za hedi.

Kujua hewa ya ziada inayoyumbisha sailensa inaponyonywa, nyunyizia maungio maji kidogo injini ikiwa sailensa, mbali na waya za plagi, usikilize kama mlio unabadilika. Tafadhali usitumie petroli wala dawa ya kusafishia kabureta. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutuama ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na cheche moja inatosha kuiteketeza boti pamoja na waliomo. Washa feni ya chumba cha injini walau dakika 4 kabla ya kupiga stata.

Dawa yenyewe ni kufungua manifoldi na kuweka gasketi mpya. Injini iwe baridi, maji yamwagwe, betri ikatwe. Nunua gasketi ya boti, maana ya gari mara nyingi ina kiini cha chuma cha kawaida kinacholiwa na chumvi. Pitisha rula ya chuma juu ya nyuso zote kuona kama zimenyooka, na utazame kwa makini kuzunguka matundu ya maji: alumini ikishalika hapo, gasketi yoyote itavuja.

Matundu ya bolti nayo yana mambo. Lililoziba mwisho likiwa na oili chini, bolti itaonekana imekaza kumbe inasukuma oili, na chuma kinaweza kupasuka. Lililofunguka hadi bonde la tapeti linahitaji silanti (dawa ya kuzibia) kwenye nyuzi, la sivyo oili itapanda.

Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda nje, kwa kukingamanisha, ukizipitia bolti zote kwa awamu tatu hadi kufikia kipimo. Kipimo kifuate kitabu cha injini yako hasa. V8 ya GM ya lita 5.7 ya zamani, yenye bolti 12, hukazwa takriban Nm 40 (newton-mita). Ya Vortec, toleo la baadaye la GM lenye bolti 8, hukazwa chini ya hapo sana, na wengi wameharibu kwa kuchanganya vipimo hivyo viwili.

Baada ya safari ya kwanza iache ipoe kabisa, upime tena kwa kipimo kilekile, isipokuwa maelekezo ya gasketi yakikataza. Bolti itakayozunguka bila kukaza, nyuzi za hedi zimekwisha: tundu hilo litobolewe na kuwekewa nyuzi mpya za chuma.