Kabla ya kumpeleka mwalimu chuoni, kaa nyuma ya darasa lake

Jumapili yangu ya kwanza kufundisha watoto nilikabidhiwa daftari la mahudhurio, chaki mbili na watoto zaidi ya sitini. Ilikuwa katika usharika mmoja upande wa Tabata. Mzee wa kanisa aliniambia, "Wewe umesoma, utaweza," kisha akarudi ndani kuhesabu sadaka. Wa miaka minne walikuwa benchi moja na wa miaka kumi na mitatu. Niliwasimulia habari za Daudi na Goliathi kwa sauti kubwa, tukaimba, tukaomba, wakaenda kwao. Nikaendelea hivyo karibu miaka miwili, na katika muda wote huo hakuna mtu mzima aliyeingia darasani kuona ninafundisha nini.

Naandika kwa ajili ya mchungaji au mwenyekiti wa kamati ya Elimu ya Kikristo ambaye sasa hivi anapanga bajeti ya mafunzo ya walimu wake. Najua mawazo mawili yanayokuja kwanza, kwa sababu na sisi tulianza nayo. La kwanza ni semina ya siku mbili, yenye chai, chapati na cheti. Nimehudhuria nyingi na sizikatai, ila ikifika Jumapili ya tatu kila mwalimu amesharudi kwenye mazoea yake. La pili ni kumpeleka mtu mmoja chuo cha Biblia.

Tulifanya la pili. Tukachangishana, tukamsomesha binti mmoja mwenye wito kweli kweli. Alihitimu vizuri, na akapangiwa kazi usharika mwingine, mbali na Dar. Simlaumu hata kidogo, na Kanisa kwa ujumla limepata mtumishi. Lakini watoto wetu walibaki na walimu wale wale, tuliokuwa tukifundisha vile vile, nami nikiwa mmoja wao.

Mabadiliko yaliletwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu aliyefundisha darasa la kwanza na la pili karibu maisha yake yote. Alinifuata baada ya ibada akaniomba ruhusa: "Mwanangu, Jumapili ijayo nataka nikae tu pale nyuma. Sitasema neno." Akaja na kidaftari, akakaa na wadogo. Tulipomaliza akaningoja mpaka watoto wote wametoka, ndipo akaniambia: "Umesema peke yako dakika ishirini na tano. Waliojibu maswali ni wanne, wote wa benchi la mbele, wote wavulana. Yule mdogo wa gauni la kijani alinyoosha mkono mara tatu." Sikuwa nimemwona hata mara moja.

Hiyo dakika tano ilinifundisha kuliko semina zote nilizowahi kukaa. Tangu hapo ushauri wangu umekuwa huo huo kwa kila anayeniuliza: mafunzo ya mwalimu yaanzie katika darasa analofundisha sasa, yafanywe na mtu anayemwona akifundisha, na yarudiwe kila wiki.

Wazo hili lina historia ndefu kuliko Tabata. Mwaka 1963, mwaka ule ule makanisa saba ya Kilutheri nchini yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), seminari moja ya Wapresbiteri huko Guatemala ilianzisha kile ambacho kwetu kinaitwa Elimu ya Theolojia kwa Enezi. Walikuwa wameona kwamba vijana wanaosomeshwa mjini hawarudi kirahisi vijijini, na kwamba watu ambao tayari wanayaongoza makanisa wana familia na mashamba, hawawezi kuhamia bwenini. Basi mwalimu akawafuata wanafunzi walipo. Mwanafunzi anasoma somo nyumbani, anakutana na mwalimu na wenzake mara moja kwa wiki, na siku zilizobaki anaendelea na huduma yake. Alichojifunza kinajaribiwa kanisani kabla hakijasahaulika.

Sisi tulijaribu kukutana Alhamisi saa 12 jioni, tukashindwa kwa sababu ya foleni. Mwalimu wetu mmoja anauza dukani Kariakoo, mwingine anatoka Kinyerezi. Wengine walifika tukiwa tunafunga kwa sala. Tukahamishia Jumapili, mara tu baada ya ibada ya pili. Watu tayari wapo na nauli imeshalipwa. Ukipanga mafunzo Dar es Salaam, anza kwa kuuliza watu wanaishi wapi na wanapanda daladala ngapi, halafu ndipo upange masomo.

Katika saa moja na nusu tunasoma kwa sauti somo la Jumapili inayofuata, mara moja katika Biblia ya Muungano ya 1952 na mara moja katika Biblia Habari Njema, yenye Kiswahili chepesi, kwa sababu Kiswahili cha ile ya kwanza kinawapita watoto wengi. Kisha tunaulizana swali ambalo kila aliyepita kipaimara analijua kutoka Katekisimu Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani ya Kilutheri: maana yake ni nini? Martin Luther aliiandika mwaka 1529, baada ya kutembelea sharika na kuona jinsi watu, na hata wachungaji, walivyokuwa wanajua machache. Sisi tulilikariri swali lile pamoja na jibu lake. Mwalimu anatakiwa alijibu kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya wenzake, kabla hajasimama mbele ya watoto. Hapo ndipo tunapogundua nani ameelewa neema na nani bado anafundisha kwamba Mungu anapenda watoto watulivu. Mwisho mmoja wetu anafundisha dakika kumi, wengine wakiwa wanafunzi.

Kwa anayekaa nyuma ya darasa nina mambo machache ya kusisitiza. Aombe ruhusa. Aandike walichofanya watoto, asiandike tabia ya mwalimu. Aseme faraghani. Na tafadhali msimtume mzee ambaye kila mtu anamwogopa, kwa sababu mwalimu atafundisha kwa ajili yake, watoto wasahauliwe.

Jambo moja lisisubiri mwaka wa pili wa mafunzo: usalama wa watoto. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na namba 116 ya kupiga bure kwa habari za watoto. Kila mwalimu wetu anayajua haya mawili kabla hajapewa darasa. Hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto peke yake chumbani, hata kwa maombi. Mtoto akisema ameumizwa, tunamsikiliza bila kumhoji kama mahakamani, na hatumwahidi kwamba tutaificha siri hiyo. Najua baadhi ya wazee huona haya ni mambo ya serikali. Mimi naona ni sehemu ya huduma yenyewe.

Kuna tukio linalonirudia kila ninapoandaa somo. Bonde la Msimbazi lilikuwa limefurika usiku, na Jumapili iliyofuata mtoto mmoja aliniuliza, "Mwalimu, Mungu alikuwa wapi maji yalipoingia kwetu?" Nilimjibu haraka kwamba Mungu ana makusudi yake, nikaendelea na wimbo. Yule mama alikuwepo. Baadaye aliniuliza kwa upole, "Ulimuuliza wamelala wapi siku hizi?" Sikuwa nimemuuliza. Walikuwa wamelala kwa shangazi yake, watu tisa chumba kimoja, na madaftari yote ya shule yalikuwa yamelowa. Jioni ile tulikwenda kwao. Swali lake tulilirudia darasani wiki mbili baadaye kwa Zaburi ya 13, ambayo nayo inaanza kwa kuuliza.

Chuo tunakihitaji bado. Maswali kama lile yanadai mtu aliyesoma kwa kina, na walimu wanaokutana wenyewe kwa wenyewe bila mtu mwenye mafunzo wanaweza kupotoshana miaka mingi. Ila sasa tunamchagua wa kumpeleka kati ya walioonekana wakihudumu mwaka mzima, na kabla hajaondoka tunazungumza na uongozi wa dayosisi kuhusu atakakorudi.

Kama unataka kuanza mwezi huu, punguza kidogo fedha za Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Tunatumia nguvu nyingi mno kwa sare na ngonjera za siku moja ya Septemba. Fedha hizo zinatosha nauli za walimu wanaotoka mbali, madaftari, na chai ya Jumapili mchana. Halafu mtafute mwalimu mstaafu. Karibu kila usharika wa Dar unaye, mara nyingi amekaa benchi la nyuma na hakuna aliyewahi kumwomba chochote.