Chumvi Haiendi Popote: kwa wadogo zangu mnaoanza akwaria za maji ya bahari hapa Dodoma

Mbukwenyi wadogo zangu.

Jumamosi iliyopita niliitwa Ilazo kuangalia akwaria ya kijana mmoja aliyeanza kazi hii mwaka huu. Kioo kizuri, urefu mita mbili, upana sentimita 70, kimo sentimita 60, silikoni imepigwa kwa mkono uliotulia. Nikamuuliza maji yametiwa lini. "Jumatatu, kaka." Na samaki wanafika lini? "Wameshafungwa, kaka. Wanapanda basi la usiku, kesho asubuhi wapo stendi ya Nanenane."

Maji ya siku tano hayajawa tayari kwa samaki. Nilikaa kwenye ngazi za mteja nikanyamaza kwanza. Kijana yule nampenda, ana mikono ya kazi, na sikutaka kumfokea mbele ya mwenye nyumba. Lakini ni wa nne mwaka huu, na makosa ni yaleyale niliyoyafanya mimi. Basi nayaandika hapa ili nisirudie kuyasema kwenye simu saa sita za usiku.

1. Uzito na stendi. Akwaria ya vipimo hivyo inabeba lita 840. Ongeza mawe, mchanga na kioo cha milimita 15, tayari una zaidi ya tani moja imekaa kwenye eneo dogo kuliko kitanda. Stendi ipigwe pima maji ikiwa pale pale itakapokaa, si kwenye karakana ya fundi. Limeisha hilo.

2. Maji na chumvi. Wote tumelelewa na birika linaloota magamba meupe ndani, kwa hiyo hamhitaji mtu wa kuwaambia maji ya visima vya hapa yakoje. Yapite kwenye RO, chujio linalotoa chumvi na madini, yamalizikie kwenye resini inayonasa yaliyosalia, na mita ya TDS, inayopima vilivyoyeyuka majini, isome sifuri. Ukikubali kusoma 40 leo, mwezi ujao utakuwa unakwangua mwani. RO inamwaga lita tatu au nne ili ikupe moja, na mji huu maji ni ya mgao, kwa hiyo yale yanayomwagwa yakingeni, yanafaa kudekia na kufulia.

Kila mwaka kuna mtu ananiuliza kwa nini asinunue tu chumvi sokoni Majengo, kilo ni bei rahisi. Sikilizeni. Chumvi ya jikoni, iwe ya Uvinza au ya mashamba ya pwani, ni sodiamu na kloridi karibu yote. Maji ya bahari yanapokaushwa shambani, kalsiamu nyingi hutangulia kutuama kabla ya chumvi yenyewe, na magneziamu hubaki kwenye yale maji machungu ya mwisho yanayomwagwa. Unachobaki nacho kinafaa ugali na mlenda, hakifai samaki wa miambani. Lita 1,000 zinataka karibu kilo 40 za chumvi maalumu. Mwambie mteja gharama hiyo siku ya kwanza, kabla hajachagua rangi ya taa.

3. Maji yanayopungua. Hapa naomba mkae.

Pwani, akwaria iliyo wazi juu inapoteza maji kidogo kidogo. Dodoma ni habari nyingine. Kuanzia Juni hadi mvua za Desemba hewa yetu ni kavu na upepo haupumziki. Ukiweka na feni za kupoza maji, akwaria ya lita 1,000 inaweza kupoteza lita 15 kwa siku, na siku nyingine zaidi. Kinachopaa ni maji peke yake. Chumvi haiendi popote. Kwa hiyo unachorudisha ni maji ya RO, yasiyo na chumvi hata punje. Mnalijua hili, na mimi nililijua siku ile.

Nilikuwa natunza akwaria ya lita 1,000 kwenye hoteli moja hapa mjini, mapokezi. Ilikuwa na kangaja wawili, kitatange mmoja mwenye mistari ya manjano ambaye wahudumu walimpa jina la mpishi wao, jozi ya wale wadogo wa rangi ya machungwa wanaolala kwenye anemoni, kamba wasafishaji, konokono kama 30 na jongoo bahari wawili wa kusafisha mchanga. Nilikuwa nimeijenga kwa miezi 14. Watoto waliokuja na wazazi wao kwenye vikao vya serikali walikuwa wanabandika pua kwenye kioo, na kila asubuhi nilianza kazi kwa kufuta alama za pua.

Oktoba nikapata simu ya msiba Tanga, mjomba wangu. Kwenye stoo nyuma ya jiko nilikuwa na matenki mawili meusi ya lita 500, yamesimama sambamba. Moja lilikuwa la RO, lingine maji ya chumvi niliyoyakoroga kwa ajili ya kubadilisha maji mwisho wa mwezi. Hayakuwa na alama yoyote. Nilikuwa nayajua kwa macho yangu, na niliona inatosha. Kijana niliyemwachia kazi akaniuliza, "Kaka, nikiongeza, naongeza ya tenki lipi?" Nikiwa na begi mkononi nikamjibu, "La mkono wa kulia." Nikaondoka.

Kulia kwangu kulikuwa kulia kwa mtu anayeingia kwa mlango wa uani. Yeye kila siku aliingia kwa mlango wa jikoni.

Kijana alifanya kazi yake vizuri kuliko wengi niliowahi kuwa nao. Kila asubuhi saa mbili alijaza hadi kwenye mstari niliouchora kwa kalamu kwenye sampu, lile tenki la chini linalochuja maji na kuyarudisha juu. Lita 15 kila siku, na kila lita ina gramu 35 za chumvi. Pigeni hesabu. Ni zaidi ya nusu kilo ya chumvi kwa siku, siku 19, karibu kilo 10.

Siku ya 11 alinipigia. "Kaka, konokono wengine wameanguka, hawashiki kioo." Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wazee, nikaongea kwa sauti ya chini, haraka. Nikamwambia awaache, pengine wamepinduka tu, watajirudi. Hadi leo nikikumbuka sentensi ile nasikia joto usoni. Konokono na kamba hawawezi kuhimili mabadiliko ya chumvi kama samaki wanavyojitahidi, ndio hutangulia kukuambia. Waliniambia, nami nikawanyamazisha. Ningemwambia apime, lakini apime na nini? Refraktomita, kipimo cha gramu za chumvi kwa lita, ilikuwa kwenye begi langu, Tanga, ndani ya soksi ili isivunjike. Ilikaa humo siku zote 19.

Nilirudi Jumanne jioni. Kabla sijafika mapokezi niliinusa. Jongoo bahari mmoja alikuwa ameyeyuka nyuma ya jiwe, na mliosoma mnajua baadhi yao wakifa kwenye maji yaliyofungiwa huachia sumu inayoua samaki. Kangaja wote wawili walikuwa chini, mashavu yamefunguka. Kitatange alikuwa bado hai, amejibanza kwenye kona inakotoka pampu, anapumua kwa kasi mdomo ukiwa karibu na uso wa maji. Niliweka tone moja kwenye refraktomita nikainua kwenye taa ya mapokezi. Ilisoma 45. Nikaifuta, nikaisahihisha kwa maji ya RO, nikaweka tone jingine. 45.

Kijana alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo mkononi. Akasema, "Kaka, niliongeza kila siku kama ulivyoniambia." Ilikuwa kweli tupu. Nilimwambia palepale, mbele ya meneja, kwamba kosa ni langu. Kitatange alikufa usiku ule saa tisa, mimi na kijana tumekaa chini pembeni ya kioo. Waliobaki ni wale wawili wa machungwa.

Kwa hiyo mnaponiona nafika kwenye kazi zenu na kuanza kuuliza "tenki la RO lina alama?" kabla ya salamu, msikasirike. Rangi ya mafuta, herufi kubwa, pande zote. Refraktomita ibaki kwenye akwaria. Anayebaki na kazi apime mbele yako mara tatu kabla hujaondoka, na namba iandikwe kwenye daftari kila siku: 35 ni 35, ikifika 36 unapiga simu. Vali ya kujaza yenyewe ni nzuri na siku hizi naifunga kila mahali, ila nayo huganda kwa chumvi, kwa hiyo daftari halistaafu.

4. Umeme. Sampu isijazwe hadi juu. Umeme ukikatika, maji ya kwenye bomba la kurudishia yanashuka yote, na kama mdomo wa bomba umezama sana, akwaria inajinyonya yenyewe. Nimewahi kuona lita 60 kwenye zulia jipya la mteja Area D, siku moja kabla ya sendoff ya binti yake. Mama mwenye nyumba hakusema kitu, alivua viatu akaanza kukamua na sisi, na ukimya ule ulinifundisha kuliko matusi. Toboa tundu dogo la hewa kwenye bomba chini kidogo ya uso wa maji, lisafishe kila wiki, halafu zima umeme makusudi mara tatu kabla ya kumkabidhi mteja. Inveta ibebe pampu ya kurudishia na pampu ya hewa. Taa na hita vinaweza kusubiri. Na mwulize mteja nani nyumbani huangalia LUKU, maana uniti zikiisha saa nane usiku samaki hawatamwamsha mtu.

5. Joto na hewa. Usiku wa Julai hapa unashuka hadi nyuzi 14 hivi: weka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikikwama ikiwa imewaka isiwapike samaki. Mchana wa Novemba feni zinatosha, ukavu wetu unazisaidia kupoza, mradi umeelewa namba 3.

Jambo ambalo vijana wanaojifunza kwa watu wa pwani hawaambiwi ni mwinuko. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na maji yetu yanashika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko Dar kwa joto lilelile. Skima, mashine inayotoa uchafu kwa povu la hewa, iwe kubwa kuliko ile aliyokuandikia muuzaji, na uso wa maji utikisike muda wote. Ndiyo maana idadi ya samaki anayokutajia fundi wa Kigamboni msiibebe hivyohivyo kuileta huku.

6. Samaki. Mawe na maji vikae wiki nne hadi sita, amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, zisome sifuri, ndipo aingie mmoja au wawili wadogo. Kangaja aingie wa mwisho kabisa, ni mkorofi kwa wageni na ndiye wa kwanza kushika ugonjwa wa vidoa vyeupe. Chewa mzuri wa kidole kimoja atakuja kuwa chewa wa sinia, mkatalie mteja kwa upole. Mkunga atafutiwe kifuniko kizito au asinunuliwe.

Kila anayeingia apite karantini, beseni la plastiki lisilo na jiwe wala mchanga, kwa sababu dawa ya shaba ya kutibu vidoa hivyo inaua kamba na konokono, na ikishaingia kwenye mawe haitoki kirahisi. Vidoa vyeupe vikishaingia kwenye akwaria kuu, utatoa samaki wote na kuiacha tupu zaidi ya siku 70.

Na mfuko uliotoka Dar kwa basi usiufungue halafu ukaanza kudondoshea maji saa mbili nzima kama mnavyofundishana. Samaki amekaa kwenye mkojo wake zaidi ya saa nane. Humo ndani kaboni dayoksaidi imeshusha pH, yaani maji yamezidi asidi, na amonia imetulia. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda, amonia inageuka sumu palepale. Pima chumvi ya maji ya mfuko, andaa karantini ilingane nayo, elesha mfuko dakika 20 joto lilingane, fungua, mtoe samaki kwa mkono au kikombe, maji ya mfuko mwaga.

Wale wa Ilazo tuliwapokea Jumapili alfajiri, wakiwa kwenye deli la barafu, watano wote wazima. Hawakwenda Ilazo, wako kwangu kwenye beseni la lita 150, na kijana anakuja kila jioni baada ya kazi, anapima chumvi na amonia na kuandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri sana. Mteja amekubali kusubiri hadi mwezi ujao, ingawa mjukuu wake amelia. Jana, kijana alipowamulika kwa tochi, alinivuta shati. Kangaja alikuwa na vidoa vitatu kwenye pezi la kifuani, vidogo kama punje za chumvi. Tumeanza dawa ya shaba leo asubuhi.